Mteja wa Goma akiandika "kuuza", mashini inaelewa kinyume

Lundi moja asubui, kwenye depo moja ya mafuta ya kupikia na unga kule Birere, meseji iliingia kwenye WhatsApp ya kazi: "Bjr Papa, niko nataka kuuza bido kumi ya mafuta, munafikisha mpaka Keshero?" Mkaaji yeyote wa Goma anaelewa mara moja. Mama huyu ana franga mkononi, anataka kununua bido kumi, na anauliza kama watamfikishia mpaka nyumbani.

Lakini meseji ile haikusomwa kwanza na mtu wa Goma. Tangu miezi michache mwenye depo alikuwa ametia programu ya kusimamia mauzo. Mshirika wake, ambaye ametia nusu ya mtaji na anatuma bidhaa kutoka Kampala, hasomi Kiswahili vizuri. Kwa hiyo programu inachukua kila meseji ya mteja, inaitafsiri yenyewe kwa Kiingereza, na inamwonyesha. Siku ile ilimwambia kwamba kuna mtu wa Goma ambaye ana bido kumi za mafuta za kuuzisha. Mshirika akajibu haraka, programu ikarudisha jibu lake kwa Kiswahili safi kabisa: "Samahani, hatununui mafuta."

Mama akaenda kwa mwingine. Mwenye depo alikuja kujua siku kadhaa nyuma, wakati walikutana kwenye mlango wa kanisa. Mama akamuuliza: "Papa, hata franga zangu hamuzitake tena?"

Nilipoelezwa habari hii nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Maduka mengi ya hapa yanaingia polepole katika kazi ya namna hii, na kampuni kubwa zinazojibu wateja wa Goma, Bukavu ao Butembo kutoka Kinshasa ao inchi ingine ziko na haja ileile: mfanyakazi asiyejua Kiswahili apate kuelewa mteja anayeandika Kiswahili. Basi tuangalie hii mashini inafanya nini, na ni wapi inatuangusha.

Programu ya kusimamia mauzo ni kaye ya wateja iliyo ndani ya ordinatere. Inashika jina la mteja, namba yake, komande zake, deni lake, na mazungumzo yote. Zamani meseji zilibaki kwenye telefone ya muuzishaji. Telefone ikipotea, kila kitu kimepotea. WhatsApp Business ilitoka mwanzoni mwa 2018, na mwaka 2022 kampuni ya Meta ikafungulia biashara zote, hata ndogo, njia ya kuunganisha WhatsApp moja kwa moja na programu kama hizo. Hapo ndipo tafsiri inaingia kati. Meseji ikifika, programu inakisia kwanza ni luga gani. Kisha inatuma maandishi kwenye mashini ya kutafsiri, ambayo iko kwenye seva mbali sana na Goma. Tafsiri inarudi kwa sekunde moja ao mbili, inapangwa kwenye ukurasa wa mteja. Mfanyakazi anajibu kwa luga yake, na jibu linapita njia ileile kurudi. Mteja anaweza asijue kamwe kwamba hakuna mtu aliyesoma maneno yake kama alivyoyaandika.

Bei yake haiogopeshi. Google inahesabu dola 20 kwa kila herufi milioni moja, na herufi 500 000 za kwanza za kila mwezi ni bure. Tufanye hesabu: depo inayopokea meseji 150 kwa siku, kila moja herufi 80, na kujibu kiasi kilekile, inapitisha herufi 24 000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni herufi 624 000. Ukitosha zile za bure, unalipa karibu dola mbili na nusu. Kinachosumbua hapa kwetu ni namna ya kulipa, kwa sababu wanataka kadi ya benki, na mabenki ya Goma yalifunga milango mwanzoni mwa 2025. Mwenye depo yetu anapitishia kadi ya mshirika wa Kampala.

Umeona neno nimetumikisha hapo juu? "Ukitosha zile za bure." Msomaji wa Goma ameelewa: ukiondoa. Mtu wa Dar es Salaam angesimama hapo, kwa sababu kwake kutosha ni kuwa ya kutosha, kufika kiasi kinachohitajika. Sasa fikiria mteja anayeandika: "Tosheni mafuta kwenye komande yangu, nitabakisha unga tu." Sisi tunaelewa: ondoeni mafuta. Nilijaribu meseji hiyo kwenye programu moja ya telefone yangu. Ilinirudishia Kifaransa kinachosema kwamba mafuta yanatosha. Mfanyakazi akisoma vile ataacha mafuta kwenye komande, na siku ya kulipa kutakuwa na makelele.

"Kuuza" ni mbaya zaidi. Katika Kiswahili cha vitabu, cha Tanzania na cha Kenya, kuuza ni kutoa bidhaa na kupokea feza. Hapa kwetu, wengi wanasema kuuza kwa maana ya kununua, na anayetoa bidhaa ndiye "anauzisha". "Nilienda kuuza nyama ku soko" ni maneno ya mtu aliyerudi na nyama kwenye kitunga, hana franga tena. Kuna wakaaji wa Goma ambao wanasema kununua kama kwenye vitabu, tena kuna wanaochanganya yote mawili kufwatana na mtu wanayeongea naye. Lakini neno la kwanza kabisa la biashara, lile ambalo linaonyesha ni nani anatoa franga na nani anapokea, linageuka kichwa chini miguu juu ukivuka mpaka.

Tena si hayo mawili tu. Tukisema "mbele ya lundi" tuko na maana ya kabla ya lundi. Mashini inaelewa mbele kama kusimama mbele ya nyumba. Sombe, ambayo Watanzania wanaita kisamvu, inabaki vilevile bila kutafsiriwa. "Nilitumaka feza" ina kile kipande "-ka" mwishoni ambacho vitabu vya gramere havifundishi, na mashini inakiruka ao inasema neno ambalo halipo. Na lile "Papa" ambalo mama yetu alianzia kwa heshima? Kwa Kiswahili cha pwani, papa ni samaki mkali wa bahari, ao ni yule Baba Mtakatifu wa Roma. Siku yenye bahati mashini inaacha neno vile lilivyo. Siku ingine mshirika wa Kampala anasalimiwa kama samaki.

Kwa nini inakosea hivyo? Mashini ya kutafsiri haina kamusi kichwani kama mwalimu. Inajifunza kwa kusoma maandishi mengi sana ambayo yako katika luga mbili pamoja, sentensi kwa sentensi, mpaka inaona ni maneno gani yanaendana na gani. Google ilianza kazi hiyo mwaka 2006, na tangu 2016 inatumikisha namna mpya inayoangalia sentensi nzima, kwa hiyo tafsiri za siku hizi zinasomeka vizuri kuliko zamani. Lakini mashini inajua tu kile ilichosoma. Na maandishi ya Kiswahili yaliyo kwenye intaneti yanatoka kwa wingi Tanzania na Kenya: magazeti, sheria, vitabu vya dini, mafundisho ya shule. Sisi Kiswahili chetu tunakiongea sana na kukiandika kidogo. Ofisini tunaandika Kifaransa. Shuleni mtoto anapita haraka kwenye Kifaransa. Kiswahili chetu cha kuandika kiko kwenye WhatsApp, na WhatsApp ni mazungumzo ya watu, haiko maktaba ya mashini.

Wataalamu wa luga wanajua vizuri tofauti hii. Katika orodha ya kimataifa ya luga, ambapo kila luga ina alama ya herufi tatu, Kiswahili cha Kongo kina alama yake, swc, na kile cha pwani kina yake, swh. Lakini mashini kubwa zimebaki na kimoja. Meta ilipotoa mwaka 2022 mashini yake ya luga 200, inayoitwa NLLB, ndani mulikuwa Kinyarwanda, Lingala, Kikongo na Tshiluba. Kiswahili kilikuwa kimoja tu, kile cha pwani. Google ilitia Kinyarwanda mwaka 2020 na Lingala mwaka 2022. Kwa hiyo Katiba yetu ya 2006 inataja luga nne za taifa, na ile tunayoongea hapa mashariki ndiyo inaonekana kuhudumiwa mbele ya zote, kumbe wamehudumia ndugu yake mwenye jina moja.

Tatizo la jina moja ni hilo. Kama programu ingesema "luga hii siijui", mfanyakazi angemwita mtu wa kumsaidia. Inasema inaijua, inaandika sentensi nzuri bila kusita, na hakuna alama yoyote nyekundu inayowaka.

Jambo hili lina historia hapa Kivu ya Kaskazini, na haikuwa juu ya mafuta ya kupikia. Wakati wa Ebola, kutoka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, matangazo mengi yalikuja kwanza kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili cha vitabu. Shirika la Translators without Borders lilifanya kazi katika jimbo letu wakati ule na kusisitiza kwamba watu wanahitaji habari kwa Kiswahili wanachoongea, na pia kwa Kinande na luga zingine. Mwaka 2020 wakatoa Uji, programu ya kujibu maswali juu ya COVID-19 kwa Kifaransa, Lingala na Kiswahili cha Kongo. Mwaka uleule mradi mmoja wa kimataifa unaoitwa TICO-19 ulitafsiri maandishi ya COVID-19 katika luga nyingi za dunia, na Kiswahili cha Kongo kikapewa nafasi yake mwenyewe pembeni ya kile cha pwani. Kwa hiyo kazi inawezekana, na mwanzo uko. Tu, maandishi hayo yanaongea juu ya homa, kikohozi na kunawa mikono. Mashini ikiyasoma yote haitajua bado mtu akisema "Mama, nipunguzie kidogo, nitaongeza next" anataka nini.

Na mfano huo unanipeleka kwenye shida ya pili: tunachanganya. Meseji ya kawaida ya mteja wa Goma iko hivi: "Slt, colis yangu iko wapi? Depuis lundi munasema kesho." Hiyo ni luga gani? Programu inapashwa kuchagua moja. Ikichagua Kifaransa, maneno ya Kiswahili yanabaki kama mawe ndani ya mchele. Ikichagua Kiswahili, "depuis" na "colis" zinabaki. Meseji fupi ni hatari zaidi, kwa sababu neno moja kama "Bei?" ao "Ok" halionyeshi luga yoyote, na nimeona programu ikikisia luga ambayo sijawahi kusikia. Zidisha vifupisho, "cmt", "bjr", "mbr", na wateja wa upande wa Gisenyi ambao wanaanza kwa Kinyarwanda na kumaliza kwa Kiswahili.

Kisha saa. Mteja akiandika "nitapita saa tatu ya asubui", kwetu ni wakati ambao Mfaransa anasema saa tisa. Mashini mara nyingi inatafsiri namba tu: tatu. Na kama mshirika yuko Kampala, saa yake iko mbele ya ya Goma kwa saa nzima. Mtu anaweza kungojea gari la mizigo siku nzima juu ya neno moja.

Juu ya vocaux nitasema kidogo tu. Wateja wengi hawaandiki, wanarekodi sauti. Hapo mashini inapashwa kwanza kusikia na kuandika, kisha kutafsiri. Kosa la kusikia linaingia ndani ya kosa la kutafsiri. Kwa sasa, mimi singeachia mashini vocal ya mteja anayeongea kwa haraka kando ya barabara, na honi za moto pembeni.

Tusidanganyane kwamba ni shida ya Goma peke yake. Mwezi wa kumi 2017, Mpalestina mmoja aliyekuwa anafanya kazi ya ujenzi alitia picha yake kwenye Facebook na kuandika kwa Kiarabu maneno ya kusalimia asubui. Mashini ya Facebook ikayatafsiri kwa Kiebrania kuwa "washambulie". Polisi ya Israeli ikamkamata, akakaa mikononi mwao saa kadhaa mpaka kosa lilipogunduliwa. Kiarabu ni luga ya mamilioni na mamilioni ya watu, iko na maandishi mengi sana. Lakini Kiarabu cha nyumbani na Kiarabu cha vitabu haviko sawa, kama vile kwetu.

Sasa mwenye duka afanye nini? Sisemi aache. Nimeona pia faida. Mteja aliyeandika usiku anapata jibu asubui. Meseji za Kifaransa kwenda Kiingereza zinapita vizuri karibu kila mara. Lakini hapo pia kuna jambo linanikwaza: mteja aliyesoma, anayeandika Kifaransa sawasawa, anahudumiwa vizuri, na mama wa Keshero anayeandika vile anaongea anajibiwa kinyume. Mashini haikukusudia hivyo, lakini franga zinapotea upande wake.

Kitu cha kwanza, programu ionyeshe siku zote maneno ya mteja mwenyewe pembeni ya tafsiri. Kuna programu zinazoficha maandishi ya kwanza ili ukurasa uwe safi; hiyo ni hatari. Cha pili, jibu lolote linalohusu komande, bei, malipo ao kurudisha bidhaa lisitoke bila mtu wa hapa kulisoma. Salamu, saa za kufungua, mahali depo iko, hayo yaende yenyewe. Kabla ya kufunga komande, mteja aulizwe kwa namna ambayo haina njia mbili: "Wewe unatoa franga, sisi tunatoa bido kumi. Ni hivyo?" Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini haitumikishi neno kuuza hata mara moja.

Cha tatu ndicho kazi yenyewe. Huduma za kulipia za kutafsiri zinakubali uzipe orodha ya maneno yako, zipate kuyafwata mbele ya kutafsiri kwa akili yao. Kuuza ni kununua, kuuzisha ni kuuza, kutosha ni kuondoa, mbele ya siku fulani ni kabla yake. Haitatengeneza kila kitu, kwa sababu mteja wa Arusha akiandika "nauza" utamgeuza naye kinyume. Hapo namba ya telefone inasaidia: inayoanza na +243 ipite kwenye orodha yetu, inayoanza na +255 isipite. Fundi wa programu anaweza kupanga hivyo bila shida kubwa, lakini ni lazima mtu amwambie, kwa sababu fundi wa mbali hawezi kulikisia.

Na usisahau kwamba meseji inatoka nje ya inchi. Jina la mteja, namba yake, avenue anayokaa, vyote vinaenda kwenye seva ya watu wengine. Inchi yetu iko na sheria inayogusa hayo, Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo inalinda habari za mtu binafsi. Mwenye duka anaweza kuomba fundi atoshe majina na namba mbele ya kutuma maandishi kwa mashini, na kumwambia mteja wazi kwamba meseji zake zinatafsiriwa. Kwa hali tunayoishi Goma, kujua nani ana bido ngapi nyumbani, na nyumba iko wapi, si habari ya kutupatupa.

Kule Birere, mwenye depo hakutosha programu. Alimpa kazi binti yake, aliyemaliza shule na anayejua luga tatu: kila asubui anapitia meseji za jana, anatafuta mahali mashini ilidanganyika, na anaandika neno kwenye kaye mbele ya kulitia kwenye orodha. Siku nilipopita alikuwa amejaza kurasa sita. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kwa bik nyekundu: kuuza. Mama wa Keshero alirudi, akachukua bido nne tu. Zile sita zingine alikuwa ameisha kununua kwa jirani.